Kubadili betri ya gari bila kupoteza kumbukumbu zake

Dar es Salaam. Gari lililoingia gereji likiwa na tatizo moja, betri iliyochoka, linaweza kutoka likiwa na matatizo manne ambayo halikuwa nayo asubuhi.

Injini inazimika kwenye mataa. Redio inadai kadi kwa maandishi ya Kijapani. Kioo cha dereva, kilichokuwa kikipanda chenyewe kwa mguso mmoja, sasa kinapanda nusu nusu. Kwenye dashibodi inawaka taa ya njano ambayo mwenye gari hajawahi kuiona.

Mara nyingi jibu analopewa ni kwamba kompyuta ya gari, ambayo gerejini huitwa kontroli boksi, imekufa na inatakiwa nyingine. Wapo wanaolipia kifaa hicho, ilhali kilichotokea ni kwamba gari limesahau, na lingekumbushwa kwa muda usiozidi saa moja.

Hali hiyo huzuilika kwa maandalizi ya dakika chache, endapo yatafanywa kabla ya spana namba 10 kugusa ncha ya betri.

Kumbukumbu za aina mbili

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa mota ya umeme badala ya kuzungushwa kwa mkono, na tangu hapo kazi kubwa ya betri ikawa kuamsha injini. Gari likishawaka, alteneta huchukua jukumu la kuzalisha umeme.

Katika gari la zamani lenye kabureta, kuondoa betri kulimaanisha kupoteza saa na stesheni za redio tu. Magari yenye kompyuta yaliipa betri kazi ya pili, ambayo haionekani: kulisha kumbukumbu za gari likiwa limezimwa, usiku na mchana.

Kumbukumbu hizo ni za aina mbili. Aina ya kwanza huandikwa kwenye chembe za kudumu na haihitaji umeme ili ibaki. Humo ndimo zinamohifadhiwa programu kuu ya injini, utambulisho wa funguo zenye kinga ya wizi na jumla ya kilometa ambazo gari limetembea.

Hivyo, kubadili betri hakupaswi kufuta usajili wa ufunguo wala kubadilisha idadi ya kilometa kwenye dashibodi. Kinachoweza kurudi sifuri ni kipimo cha safari fupi.

Aina ya pili huishi kwa umeme wa betri. Ukikatika, hata kwa muda mfupi, hufutika. Humo mna saa, stesheni za redio, mpangilio wa viti na vioo vya umeme katika baadhi ya magari, na jambo kubwa kuliko yote hayo: mambo ambayo kompyuta imejifunza kuhusu injini yenyewe.

Injini ya gari lililotembea kilometa 150,000 si sawa na ilivyotoka kiwandani. Masizi hujikusanya kwenye kilango cha kupitishia hewa, pampu ya mafuta huchoka na sindano za mafuta huziba kidogo kidogo. Kompyuta huyaona mabadiliko hayo na kuyafidia taratibu, kwa mfano kwa kufungua kilango cha hewa zaidi kidogo ili injini isizimike gari likiwa limesimama.

Betri ikiondolewa, katika magari mengi fidia hiyo hufutika. Kompyuta huanza upya kwa kudhani kwamba injini ni mpya na safi. Kwa kuwa kilango kimejaa masizi, hewa haitoshi na injini inazimika.

Kwa hiyo gari linalozimika baada ya kubadilishwa betri kwa kawaida halijaharibiwa na betri mpya. Uchafu uliokuwapo siku zote umekosa wa kuufidia.

Redio ndiyo inayoumiza zaidi

Kwa wenye magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, hasara ambayo hairudi kwa urahisi ni ya redio.

Nyingi kati ya redio zenye skrini na ramani zilizofungwa Japani hutegemea kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochomekwa pembeni au nyuma ya skrini. Kwa kuwa ramani iliyomo ni ya Japani, baadhi ya wamiliki huiona haina maana, huichomoa na kuifuta ili waitumie kuhifadhia nyimbo.

Redio huendelea kufanya kazi kama kawaida hadi siku umeme unapokatika. Ikiwashwa tena, baadhi huitafuta kadi ile ile ili zijipange upya, na zisipoiona hubaki na maandishi kwenye skrini bila kutoa sauti. Nyingine hudai namba ya siri ya kufungulia.

Magari ya Ulaya nayo yana utaratibu wake. Redio nyingi za zamani zinazotoka huko hudai namba ya siri, kwa kawaida ya tarakimu nne, kila zinapokatiwa umeme. Kuibahatisha ni hatari, kwa kuwa baada ya majaribio machache yasiyo sahihi redio hujifunga kwa muda.

Mambo ya kufanya kabla ya siku ya kubadili betri ni haya:

- Kutafuta kadi ya namba ya siri ya redio katika kitabu cha gari au kabati la dashibodi.

- Kuhakikisha kadi ya ramani ipo mahali pake, na kutoichomoa wala kuifuta hata kama ramani hiyo haitumiki.

- Kupiga picha kwa simu skrini ya redio, stesheni zilizohifadhiwa na taa zote za dashibodi gari likiwa linaunguruma. Picha hiyo itakuwa ushahidi wa hali ya gari kabla ya kazi.

Njia tatu za kulinda kumbukumbu

Zipo njia tatu zinazojulikana za kuendelea kulipatia gari umeme wakati betri yake ikiwa imetolewa. Zote hutumia kanuni moja: chanzo kingine cha umeme hushika nafasi ya betri kwa dakika kumi au kumi na tano za kazi.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo bora kwa magari mengi, ni kutumia kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, maarufu kama OBD. Ni soketi ile ile ambayo fundi huchomeka mashine ya kusomea hitilafu.

Katika magari yenye soketi ya mtindo wa OBD2, tundu namba 16 hupokea umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, hata ufunguo ukiwa umetolewa, na matundu namba 4 na 5 ni ya waya hasi. Kifaa huunganishwa na betri nyingine ya volti 12, na umeme hupita hapo kurudi ndani ya gari. Kinachofaa ni kile chenye fyuzi, ili hitilafu ikitokea fyuzi iungue badala ya waya za gari.

Njia ya pili ni kuchomeka kifaa kinachofanana na hicho kwenye tundu la kuwashia sigara. Ni rahisi, lakini ina mtego. Katika magari mengi tundu hilo hukatiwa umeme ufunguo unapotolewa, na njia ikiwa imefungwa kutoka kwenye betri kwenda kwenye tundu, haiwezi kuwa wazi kurudi upande wa pili.

Kipimo chake ni chepesi: ichomekwe chaji ya simu kwenye tundu hilo, kisha ufunguo utolewe. Simu ikiendelea kuchaji, njia hiyo inafaa. Ikiacha, haifai.

Vifaa vya bei ndogo vya aina hiyo hutumia betri ndogo ya mraba ya volti 9. Betri hiyo huweza kulisha saa na kumbukumbu kwa muda, kwa kuwa gari lililolala hutumia umeme kidogo sana. Lakini mlango ukifunguliwa na taa ya ndani kuwaka, umeme unaotakiwa huongezeka mara nyingi, na betri hiyo ndogo huzidiwa.

Njia ya tatu hutumia betri nyingine nzima na nyaya za kubustia. Waya chanya hubanwa kwenye kichwa cha waya wa gari, si kwenye ncha ya betri inayotolewa, na waya hasi hubanwa kwenye chuma tupu cha bodi au injini. Betri ya zamani ikiinuliwa, gari hubaki limeunganishwa na betri ya pembeni.

Njia hiyo inahitaji fundi mwenye mikono iliyotulia. Betri nzima ina nguvu ya kuyeyusha spana, na hakuna fyuzi katikati. Asiye na uzoefu ni heri apoteze saa na stesheni za redio kuliko kuijaribu.

Hatua kwa hatua

Kazi ifanyike mahali pa wazi penye hewa. Betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche au sigara. Pete, saa na bangili za chuma zivuliwe, na macho yakingwe kwa miwani.

1. Zima injini na kila kinachotumia umeme: taa, kiyoyozi, redio na chaji za simu. Toa ufunguo. Kwa gari linalowashwa kwa kitufe, ufunguo wake uwekwe mbali ili usiiamshe kompyuta.

2. Shusha kioo cha dereva, ili gari likijifunga lenyewe ufunguo usibaki ndani. Fungua boneti, funga milango yote, kisha subiri dakika chache ili kompyuta zilale.

3. Unganisha chanzo cha umeme cha akiba, na hakikisha kinafanya kazi. Vifaa vingi vina taa ndogo ya kuonyesha hivyo.

4. Legeza na kuondoa waya hasi kwanza, kisha waya chanya. Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi huisahau: kwa kuwa chanzo cha akiba kinafanya kazi, waya chanya bado una umeme hata ukiwa haujashika betri. Ukigusa chuma chochote cha gari, cheche zitaruka. Ufungwe kwa glavu ya mpira au kitambaa kizito kikavu mara tu unapotolewa.

5. Ondoa kibanio na inua betri ikiwa imesimama wima. Safisha vichwa vya nyaya vyenye ukungu mweupe au wa kijani kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, na vikauke.

6. Weka betri mpya na kuifunga kibanio, ili isitikisike. Unganisha waya chanya kwanza, kisha waya hasi, na kaza vizuri.

7. Ondoa chanzo cha akiba baada ya nyaya zote mbili kukazwa. Washa injini na pima umeme kwenye ncha za betri. Katika magari mengi alteneta ikifanya kazi vizuri, kipimo huwa kati ya volti 13.5 na 14.5.

Kipimo hicho kisirukwe. Betri yenye chaji kamili, injini ikiwa imezimwa na kupumzika, huonyesha takriban volti 12.6. Ikiwa injini inaunguruma na kipimo kimebaki hapo au kushuka, aliyeua betri ya kwanza ni alteneta, na ataiua ya pili pia.

Kosa la kutoa betri injini ikiunguruma

Baadhi ya mafundi wa barabarani huliwasha gari kwa betri nyingine, kisha huchomoa betri mbovu na kuingiza mpya huku injini ikiunguruma. Hoja yao ni kwamba alteneta italisha gari na kumbukumbu hazitapotea.

Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ni ya hatari. Betri inapopokea chaji hutuliza umeme wa alteneta kama tangi linavyotuliza msukumo wa maji. Ikichomolewa ghafla, umeme hupanda kwa sehemu ya sekunde na huweza kuvuka volti 40, wakati vifaa vya gari vimetengenezwa kwa matumizi ya volti 12 hadi 14.

Gari la kabureta liliweza kuvumilia mshtuko huo. Gari lenye kompyuta ya injini, ya breki za ABS, ya gia na ya mifuko ya hewa halina uhakika huo. Hapo ndipo kontroli boksi inapoweza kufa kweli, na mwenye gari aliyekuwa akilinda stesheni za redio akajikuta akitafuta kompyuta ya injini katika maduka ya vipuri ya Gerezani na mtaa wa Shaurimoyo.

Magari yanayohitaji uangalifu wa pekee

Toyota Prius, kama magari mengine kadhaa yanayotumia petroli na umeme, ina betri mbili. Ile kubwa ya kuendeshea gari ina volti zinazoweza kuua, nyaya zake hutambulika kwa rangi ya machungwa, na haiguswi na asiye na mafunzo. Katika matoleo mengi, betri ya kawaida ya volti 12 iko nyuma, kwenye buti.

Mlango wa buti la gari hilo hufunguliwa kwa umeme. Betri ikiondolewa na mlango ukafungwa, kuufungua tena huhitaji kutambaa ndani kutafuta kifungulio cha dharura. Aidha, betri hiyo ina bomba dogo la kutoa gesi nje, na mpya lazima iwe na nafasi ya kulichomeka.

Kwa magari mengi ya kisasa ya Ulaya, yakiwamo ya BMW na Audi, kulinda kumbukumbu pekee hakutoshi. Kompyuta yake hufuatilia umri wa betri na kubadilisha namna ya kuichaji. Betri mpya ikifungwa bila kompyuta kuarifiwa kwa mashine, itachajiwa kama ile ya zamani na maisha yake yatafupika.

Magari yanayozima injini yenyewe kwenye foleni hutumia betri za aina maalumu, AGM au EFB. Kuyafungia betri ya kawaida kwa sababu ya unafuu wa bei ni kuinunua mara mbili.

Kwa magari ya Kijapani, namba iliyo juu ya betri, mfano 55D23L, ndiyo mwongozo. Tarakimu za mwanzo huashiria nguvu, D ni kundi la upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, huonyesha upande zilipo ncha. Herufi hiyo ikikosewa, nyaya huweza kutofika, au mbaya zaidi, kufungwa kinyume.

Endapo kumbukumbu zimeshapotea

Betri iliyokufa kabisa usiku huwa imeshaondoka na kumbukumbu zake, na kifaa cha akiba hakiwezi kurudisha kilichofutika. Kadhalika, zipo kazi ambazo umeme lazima ukatwe kwa makusudi. Anayegusa mifuko ya hewa, kwa mfano, hutakiwa kuondoa waya hasi na kusubiri. Vitabu vya Toyota hutaja angalau sekunde 90.

Katika hali hizo, mengi hurejeshwa bila kununua chochote.

Injini inayozimika: liwashwe bila kiyoyozi wala taa, liungurume hadi lifikie joto lake la kawaida, kisha kiyoyozi kiwashwe kwa dakika chache. Baada ya hapo liendeshwe kwa dakika 20 hadi 30 kwa mwendo unaobadilika. Likiendelea kuzimika, kilango cha hewa kisafishwe. Baadhi ya magari ya Nissan huhitaji utaratibu maalumu wa kufundishwa upya, ambao fundi huufanya kwa mashine.

Vioo vya umeme: katika Toyota nyingi, kioo hushushwa hadi nusu, kisha swichi huvutwa juu hadi kioo kifunge na kushikiliwa kwa sekunde chache zaidi. Hurudiwa kwa kila kioo chenye mguso mmoja.

Taa ya udhibiti wa mtelezo: katika magari mengi huzimika baada ya usukani kuzungushwa hadi mwisho kushoto na kulia, au gari kuendeshwa mwendo mfupi katika barabara iliyonyooka. Taa ya mfuko wa hewa au ya breki ikibaki inawaka, isipuuzwe. Gari lipelekwe kupimwa.

Gia za otomatiki: zinaweza kushtuka kidogo kwa siku chache za mwanzo wakati kompyuta ikijifunza upya. Hiyo si sababu ya kukubali gia boksi ifunguliwe siku ya kwanza.

Betri ya zamani nayo isiachwe uani wala kutupwa jalalani. Ina risasi, ambayo huathiri ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo, na asidi inayounguza. Irudishwe kwa muuzaji. Wapo wanaopunguza bei ya betri mpya kwa kupokea ya zamani.

Swali la kuuliza kabla ya boneti kufunguliwa

Kwa mwenye gari asiyekusudia kushika spana mwenyewe, ulinzi uko katika swali moja kwa fundi: “Wakati betri imetoka, gari litapata umeme kutoka wapi?”

Fundi anayetaja kifaa cha OBD au betri ya pembeni, na namna atakavyofunika waya chanya, anaijua kazi. Anayesema ukweli kwamba hana kifaa, lakini atasubiri namba ya redio itafutwe kwanza na ataliendesha gari baadaye hadi litulie, naye anafaa.

Anayejibu kwamba ataitoa injini ikiwa inaunguruma, huyo aachwe afunge boneti. Bei ya betri inajulikana kabla ya kazi kuanza. Bei ya kompyuta hujulikana baada ya kuungua.